Mashine ya Pipa ya Kusafishia Shaba: Usinunue Kabla ya Kujua Haya

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, mpwangu alinipigia simu. Ana karakana ndogo Mji wa Kale hapa Mombasa, na kazi yake ni kumimina na kuchonga vitu vya shaba: njumu za milango, vyetezo, vitasa na vishikio vya makasha. Alikuwa amepata oda ya njumu 120 za milango miwili, na mwenye nyumba alitaka zote zing'are sawasawa.

"Mjomba," akaniambia, "vidole vimekwisha. Nimesugua kwa ukwaju na majivu tangu Jumatatu, sijafika hata nusu. Nimeona mashine kwenye simu, pipa linazunguka lenyewe, shaba inatoka kama dhahabu. Nitume pesa?"

Nikamwambia angoje. Hilo pipa nalijua, na lilinitia hasara mara mbili kabla sijalielewa. Hasara ya kwanza ilikuwa ya pesa, na hiyo imeshapita. Ya pili ilikuwa mrashi wa mamangu, na hiyo haikulipika. Nitaieleza huko mbele. Lakini kwa kuwa vijana wengi wa Pwani sasa wanarudi kwenye kazi ya shaba, na kila mmoja ana simu inayomwonyesha video hizo hizo, nimeona niandike ninachokijua ili mwenye kununua anunue kwa macho mawili.

Mashine hii ilitoka wapi

Mapipa haya madogo ya kuzunguka hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Huko Marekani yana wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni wanaong'arisha mawe ya mapambo. Wa pili ni wawindaji na walenga shabaha ambao sheria ya kwao inawaruhusu kujaza upya maganda ya risasi waliyokwisha kuyafyatua. Ganda la risasi ni shaba ya manjano, kwa kawaida sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Baada ya kufyatuliwa huwa jeusi kwa masizi, nje na ndani, na kitambaa hakifiki ndani ya kijitundu kile. Ndipo pipa likaingia kazini.

Hapa kwetu, risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na makala haya hayahusu kujaza risasi. Lakini shaba ni shaba. Kilichofaa kwa ganda kinaweza kufaa kwa njumu ya mlango, ila si kwa kila kitu chetu cha shaba, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Inavyofanya kazi

Ndani ya pipa hutiwa vitu vinne: shaba yenyewe, pini nyembamba za stenlesi, maji, na dawa kidogo ya kuyeyusha uchafu. Pipa likizunguka polepole, mzigo hupanda upande mmoja kisha humwagika kama mchanga unaoteremka. Katika kuteremka huko, maelfu ya pini husugua shaba pande zote na kuingia mashimoni. Pini za kawaida zina unene wa milimita 1.2 hivi na urefu wa milimita 6 na ushee. Baada ya saa 1 hadi 3 kazi huwa imekwisha.

Iko mashine nyingine ya kutetemeka, isiyozunguka. Hiyo hutumia kitu kikavu, kama maganda ya jozi yaliyosagwa au magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Huacha shaba na mng'ao mzuri, lakini hupiga vumbi na haifiki vizuri kwenye mashimo na mikunjo. Kwa karakana iliyo ndani ya nyumba, ambapo watoto wanapita na chakula kinapikwa chumba cha pili, mimi ningechagua pipa la maji. Sababu ya vumbi hilo kuogopwa nitaitaja.

Uzito: hesabu ya kwanza

Muuzaji atakuambia pipa ni la "kilo 7". Usidhani utatia kilo 7 za shaba. Kipimo hicho ni cha mzigo wote. Pipa la kilo 7 hivi huchukua pini kilo 2.3, maji lita 3.8, na shaba kiasi cha gramu 900 tu. Yale madogo ya kilo 1.4, ambayo ndiyo bei rahisi na ndiyo yanayotangazwa zaidi, huchukua shaba kama robo kilo.

Tufanye hesabu ya mpwangu. Njumu yake moja ina gramu 50, kwa hiyo 120 ni kilo 6. Pipa kubwa litachukua njumu 18 kwa awamu, yaani awamu 7. Kila awamu ikiwa saa 3, ni saa 21. Pipa dogo litachukua njumu 5, yaani awamu 24, saa 72. Kwa fundi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi, hiyo ni tofauti ya siku mbili za kazi na juma zima. Cha rahisi ni ghali, wahenga walishasema.

Kwa upande mwingine, anayetengeneza hereni na pete hana haja ya pipa kubwa. Robo kilo ya hereni ni hereni nyingi. Pima kazi yako kwanza, ndipo upime pipa.

Umbo na utando wa ndani

Pipa la mviringo kamili lenye ukuta laini lina kasoro: mzigo unaweza kuteleza chini bila kupinduka, ukakesha umewasha mashine na shaba ikabaki na madoa. Chagua pipa lenye pande sita au nane, au lenye matuta ndani ya kuupindua mzigo.

La pili ni mpira. Pipa lililotandikwa mpira ndani halikwaruzi shaba na halipigi kelele sana. Msomaji wa Mji wa Kale au wa Lamu anajua ukuta wa nyumba yetu ndio ukuta wa jirani. Pipa la chuma tupu lenye pini ndani, likizunguka saa tatu wakati mzee wa pili amejipumzisha baada ya Adhuhuri, ni ugomvi wa bure.

La tatu ni mfuniko. Angalia kama una mpira wa kuziba na kama unafungwa kwa skrubu za mkono. Mfuniko unaovuja humwaga maji kwenye mota, na hapo si mashine tu inayokufa.

Kasi ina mpaka wake

Watu hudhani pipa likienda mbio zaidi ndipo linasafisha zaidi. Sivyo. Likivuka kasi fulani, mzigo hubandika ukutani na kuzunguka nalo pamoja, hakuna kinachosuguana. Kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 20 ndani, kasi hiyo ni takriban mizunguko 95 kwa dakika. Kwa sentimita 30 ni 77 hivi. Kazi nzuri hufanyika kwenye nusu hadi theluthi mbili ya kasi hiyo, yaani mizunguko 47 hadi 63 kwa pipa la sentimita 20.

Hili ni muhimu kwa fundi wa jua kali anayetaka kujitengenezea, na inawezekana kabisa. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,400, puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 15 kwenye shafti, hupunguza mara 3. Pipa la sentimita 20 likilala juu ya shafti ya sentimita 2 hupunguza mara 10 tena. Jumla ni mara 30, na pipa litazunguka mara 47 hivi kwa dakika. Ndoo nzuri ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, vipande vya mbao au mpira vilivyobandikwa ndani vya kupindulia mzigo, na mkanda wa mashine, basi. Pini ndizo za kununua.

Umeme: hapa ndipo nilipounguza

Mashine yangu ya kwanza niliiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni. Sanduku lilikuwa safi, maelezo mazuri. Nikaichomeka, ikanguruma kwa sekunde chache, moshi ukatoka. Mimi mwenye diploma ya ufundi mitambo sikuangalia kibandiko cha nyuma. Mashine ilikuwa ya volti 120, umeme wa Marekani, na umeme wetu ni volti 240.

Basi kabla ya kulipa, omba picha ya kile kibandiko. Kama ni volti 120, utahitaji transfoma ya kupunguza, nayo ni gharama. Na transfoma hairekebishi jambo la pili: umeme wa Marekani ni hatsi 60, wetu ni hatsi 50. Mota nyingi za aina hiyo zitazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Ukiweza, nunua iliyotengenezwa kwa volti 220 hadi 240 na hatsi 50 tangu mwanzo.

Uliza pia kuhusu mkanda. Huo hukatika, kwa hiyo kama kipimo chake hakipatikani kwenye maduka ya spea ya hapa, kila ukikatika utasubiri meli.

Maji na dawa

Kwa pipa la lita 3.8 za maji, dawa yake ni ndogo kuliko unavyofikiri: robo hadi nusu kijiko cha chai cha unga wa asidi sitriki, ile asidi iliyomo ndani ya ndimu, pamoja na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo. Mama zetu walikuwa sahihi na ndimu yao na ukwaju wao. Ni asidi zile zile zinazoondoa weusi, wao wakitumia mkono badala ya pipa.

Lakini ukizidisha asidi, au ukiacha pipa lizunguke usiku kucha, asidi huanza kula zinki. Shaba hutoka na rangi ya waridi badala ya manjano. Ukiona hivyo, umeshapita mpaka.

Maji yetu nayo yana mambo. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu, na vingine vina chumvi. Maji magumu hupunguza nguvu ya asidi na kuacha madoa meupe. Chumvi ni mbaya zaidi, hula shaba na hata pini za stenlesi. Tumia maji ya bomba yasiyo na chumvi au ya mvua, hasa kwa kusuuzia mwisho. Kisha kausha palepale kwa kitambaa na jua, shika kwa glavu, upake nta au vanishi. Upepo wa bahari haungoji.

Pitisha sumaku kwenye shaba kabla ya kuitia pipani. Msumari mmoja wa chuma cha kawaida ukibaki ndani ya maji yenye asidi unaweza kuipaka shaba yote wekundu. Na usichanganye alumini na shaba.

Jihadhari na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kung'arishia na za kusafishia nyumba. Karne ya 19, jeshi la Uingereza kule India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani, hasa msimu wa mvua. Ilikuja kueleweka kuwa sababu ni amonia kutokana na mkojo wa farasi, maana risasi ziliwekwa kwenye mabanda yao, pamoja na unyevu. Maelezo kamili ya kisayansi yalitolewa mwaka 1921. Shaba iliyofuliwa au kuvutwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, na amonia hupenya na kuipasua. Sinia lililofuliwa kwa nyundo lina mkazo huo huo. Lisiguswe na amonia.

Kisichoingia pipani

Sasa nifike kwa mrashi. Baada ya kubadilisha mota na kuona pipa linafanya kazi, nikapata ulevi wa kipya. Kila kitu cha shaba nyumbani nikakitia. Vishikio vya kabati vikatoka vizuri. Nikachukua mrashi wa mamangu, ule ambao bibi yake aliutumia kumwagia wageni marashi kwenye arusi, nikautia pamoja na pini kilo mbili. Nikaenda msikitini.

Niliporudi ulikuwa unang'aa kweli. Lakini shingo yake nyembamba ilikuwa imepinda, na yale maua yaliyochongwa kwa mkono tumboni yalikuwa yamefifia hadi huwezi kuyahesabu. Nilimpelekea mamangu. Akaugeuza mara mbili mkononi, kisha akasema, "Mwanangu, umenisafishia hata alama ya kidole cha bibi yangu." Hakusema zaidi. Mrashi uko kabatini, na hautolewi tena wageni wakija.

Kwa hiyo, usitie pipani kitu chenye shingo nyembamba au bati jembamba. Usitie kilichochongwa nakshi ambayo ndiyo thamani yake. Usitie kilichoungwa kwa risasi ya kulehemu, wala dele na birika zilizotiwa bati ndani, maana pini zitasugua bati lile na kahawa itagusa shaba. Wala usitie kitu cha zamani chenye weusi wa miaka. Mnunuzi wa vitu vya kale hulipia weusi ule, na mng'ao wa mashine humwambia kuwa kitu kimechezewa. Hakuna mwenye akili ambaye angetia pipani kitu kama Siwa ya shaba ya Lamu, hata kama ingeenea.

Pipa ni la vitu vipya, vizito, vinavyofanana, na vya wingi: njumu, vitasa, pete, buckle za mikanda, spea. Njumu zenye uwazi nyuma zijaribu kwanza mbili tatu. Pini zinaweza kubanana ndani mbili mbili, na kuzichomoa ni kazi kuliko kusugua.

Risasi nyingine

Kiswahili kimetupa neno moja lenye maana mbili. Risasi ni ile ya bunduki, na risasi ni madini yale laini mazito ambayo ni sumu. Zote mbili zinaweza kuingia karakanani.

Ya kwanza: anayenunua shaba chakavu kwa gunia anaweza kukuta ganda la risasi, au risasi nzima isiyofyatuliwa. Isitiwe pipani, wala kwenye tanuri. Iache ilipo, wape habari polisi. Na nunua kwa mwenye leseni, kwa kuwa biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake tangu mwaka 2015, na gunia la bei ya kutupa huenda ni mita ya maji ya jirani yako.

Ya pili: mifereji ya zamani, kufuli na spea nyingi za shaba zimechanganywa na madini ya risasi, mara nyingi asilimia 2 hadi 3, ili zichongeke kwa urahisi. Maji meusi yanayotoka pipani yana madini hayo. Ndiyo maana nikaogopa vumbi la ile mashine kavu, kwani mtoto huathirika akilini hata kwa kiasi kidogo. Vaa glavu. Usimwage maji hayo uani ambapo kuku wanadonoa wala karibu na kisima. Yaache yatulie ndoonin mwake maalumu, na tope lake lisichanganyike na vyombo vya jikoni. Na shaba ya chakavu isimiminwe kikombe wala sahani ya kulia.

Basi mpwangu alifanyaje?

Hakutuma pesa. Alikaa na wenzake wawili wa karakana za jirani, mmoja mwenye kazi ya pete na mmoja wa vitasa, wakaunda pipa lao kwa mota ya volti 240 waliyoipata kwenye spea, wakanunua pini pamoja. Awamu ya kwanza ilitoka na rangi ya waridi, maana walitia asidi kijiko kizima cha kulia. Ya pili ilikuwa sawa. Njumu 120 zilikwisha kwa siku tatu, na vidole vyake vimeanza kupona.

Juzi alinipigia tena. Mteja mmoja amemletea chetezo cha babu yake, anataka king'ae kama kipya. "Nimtilie pipani, mjomba?"

Nikamwambia akate ndimu, achukue kitambaa laini, na aketi chini. Hicho ni cha mkono.